Kabla Uombe Dikteta, Uliza Nani Analipia Mafuta ya Lori

Kuna komenti moja haiishi kwangu. Nikiweka chochote kuhusu deni la nchi, kazi ama bei ya unga, dakika tano haziishi kabla msee fulani aandike ati tunahitaji dikteta. Mtu mkali, asiyebembeleza. Halafu anatoa mfano: Hitler alikuta Ujerumani iko chini, akajenga barabara, akapea kila mtu kazi, shida yake ni ile vita tu. Chini yake anajibiwa na msee mwingine, huyu amesoma kidogo, ati ufashisti uliletwa na maskini wajinga waliopiga kura na tumbo.

Hawa wawili wanadhani wanabishana. Kumbe wameungana: wote wamewatoa matajiri kwenye hadithi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, kwa hivyo sitawatisha na digrii. Nitawapa tarehe na namba, mkakague wenyewe.

Tuanze Italia, juu huko ndiko hilo jina lilizaliwa.

Machi 23, 1919, Benito Mussolini alikusanya watu wake kwenye ukumbi mmoja pale Piazza San Sepolcro, Milan. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeisha miezi michache tu. Wanajeshi wanarudi nyumbani hawana kazi, bei zimepanda, na wakulima wanakumbuka venye waliahidiwa ardhi wakiwa mstari wa mbele. Sasa sikiza programu ambayo mafashisti walichapisha mwaka huo: siku ya kazi iwe saa nane, kuwe na mshahara wa chini, matajiri watozwe kodi nzito ya mtaji, na asilimia 85 ya faida za vita zichukuliwe. Ukiisoma bila jina la mwandishi utadhani ni ya chama cha wafanyakazi.

Novemba 1919 wakasimama kwenye uchaguzi. Hawakupata hata kiti kimoja. Wafanyakazi na vibarua wengi waliwapigia wasoshalisti, wakawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Hao ndio maskini wajinga mnaowasema.

Mambo yaligeuka mwaka uliofuata. Bonde la mto Po, hasa upande wa Emilia-Romagna, lilikuwa na mashamba makubwa yaliyolimwa na vibarua wa siku. Vibarua hao waliunda vyama vyao, na vyama vikapata nguvu hadi mwenye shamba hangeweza kuajiri mtu bila kupitia kwao. Mijini nako, Septemba 1920, wafanyakazi zaidi ya 400,000 waliingia viwandani wakavishikilia kwa wiki kadhaa. Wenye mali wakaingiwa na baridi. Waziri Mkuu Giovanni Giolitti alikataa kutuma jeshi liwafyatulie watu risasi viwandani. Akangoja, halafu akapatanisha. Wenye mashamba na wenye viwanda walipoona hivyo, wakaanza kutafuta msaada kwingine.

Wakaupata kwa mashati meusi wa Mussolini. Vikosi vyao vilikuwa vinatoka mjini kwa malori, vikifika kijijini vinachoma ofisi ya chama cha vibarua, vinapiga viongozi wake na kuwanywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu ili waaibike mbele ya watu. Wengine waliuawa. Sasa jiulize: mwaka wa 1921, nani alikuwa na lori? Si kijana aliyekosa kazi. Malori na pesa vilitoka kwa wenye mashamba. Bunduki nyingi zilitoka kwa jeshi, na polisi mara nyingi walikuwa wanaangalia kando. Waliopanda nyuma ya lori walikuwa wanajeshi wa zamani, wanafunzi, watoto wa wenye maduka na wa wakulima wadogo. Wahuni wa kukodiwa, lakini wenye imani.

Na ile programu ya kutoza matajiri? Ilizikwa kimyakimya. Huwezi kumtoza kodi mtu anayekujazia tangi.

Mei 1921 Giolitti mwenyewe akawaingiza kwenye orodha yake ya uchaguzi, akidhani atawatumia halafu awatupe. Wakapata viti 35 kati ya 535. Oktoba 28, 1922 mashati meusi wakaelekea Roma. Waziri Mkuu wa wakati huo, Luigi Facta, alikuwa ameandaa amri ya hali ya hatari ili jeshi liwazuie. Mfalme Victor Emmanuel III akakataa kuitia sahihi. Mussolini alikuwa Milan, mbali na hiyo vurugu. Alikuja baadaye kwa treni, kwenye behewa la kulala, kuchukua kazi ambayo mfalme amempa. Halafu mnaniambia ati aliteka nchi. Alifunguliwa mlango na wenye nyumba.

Angalia alichofanya alipoingia. Waziri wake wa fedha, Alberto De Stefani, aliondoa kodi ya urithi ndani ya familia, akauzia watu binafsi huduma za simu, na serikali ikaachilia bima ya maisha. Giacomo Matteotti, mbunge msoshalisti aliyesimama bungeni Mei 1924 kusema uchaguzi umeibwa, alitekwa na kuuawa siku 11 baadaye. Mwaka wa 1926 migomo ikapigwa marufuku kwa sheria. Mwaka wa 1927 mishahara ikakatwa nchi nzima. Kibarua wa bonde la Po sasa angelalamika wapi? Ofisi ya chama chake ilichomwa kitambo.

Sasa twende Ujerumani, juu najua ndiko mnataka kufika.

Novemba 1923 dola moja ilikuwa maki trilioni 4.2. Mwalimu mstaafu aliyeweka akiba miaka thelathini alikuta haimnunulii mkate. Lakini mfumuko wa bei hauumizi kila mtu sawa. Bwenyenye Hugo Stinnes alikopa maki, akanunua viwanda, halafu akalipa deni kwa karatasi zisizo na thamani. Tabaka la kati lilivuliwa nguo, wenye viwanda na madeni wakafutiwa madeni.

Hata hivyo, mwaka wa 1928 Wanazi walipata asilimia 2.6 tu ya kura. Maumivu peke yake hayakutosha. Kisha soko la hisa la New York likaanguka 1929, Wamarekani wakaanza kuvuta mikopo yao, na Kansela Heinrich Brüning akachagua kubana: mishahara ya umma ikakatwa, misaada ya wasio na kazi ikapunguzwa, kodi zikapanda. Mapema 1932 watu milioni 6 walikuwa kwenye orodha ya wasio na kazi. Wanazi wakaruka hadi asilimia 18.3 mwaka wa 1930, na 37.3 Julai 1932.

Hapo msee wa "maskini wajinga" anaruka: si ndio hao, njaa iliwapeleka kwa Hitler! Pole pole. Wasio na kazi walielekea zaidi kwa wakomunisti. Ngome ya Wanazi ilikuwa miji midogo na vijiji vya Waprotestanti: mkulima mwenye shamba dogo na deni kubwa, mwenye duka, fundi, karani wa serikali, mstaafu. Mitaa ya watu wazito mijini nayo iliwapigia vizuri. Wafanyakazi wengine walikuwemo, sikatai. Lakini uti wa mgongo ulikuwa watu wenye kitu kidogo, wanaoogopa kesho wataamka wako sawa na kibarua. Hiyo hofu ya kuteremka daraja ndiyo Hitler aliiuza upya, akaipa sura ya Myahudi. Wayahudi walikuwa chini ya asilimia moja ya Wajerumani. Hawakuwa wamepandisha bei wala kufunga viwanda. Na chuki hiyo haikuwa mchezo wa kampeni tu. Hitler aliiamini, na mwisho wake ni Wayahudi milioni 6 waliouawa.

Sasa shika hii. Novemba 1932 Wanazi walishuka hadi asilimia 33.1, wakapoteza kura kama milioni 2, na chama kilikuwa na madeni. Wasoshalisti na wakomunisti, ukiwajumlisha, walikuwa na asilimia 37.3. Walikuwa wengi kuliko Wanazi! Lakini hawakuongea. Wakomunisti waliwaita wasoshalisti mafashisti wa kijamii, wasoshalisti nao hawakuwaamini wakomunisti hata kidogo. Lawama hiyo siwaondolei, waliilipa kwa damu.

Hitler hakuwahi kupata nusu ya kura kwenye uchaguzi huru. Aliingiaje basi? Januari 4, 1933 alikutana na kansela wa zamani Franz von Papen nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder, mjini Cologne. Januari 30 Rais Paul von Hindenburg, mzee wa kutoka jamii ya wenye mashamba makubwa, akamteua. Nitasema ukweli wote: matajiri wengi wa viwanda hawakuwa wake mwanzoni. Fritz Thyssen alimchangia mapema, lakini wengi walipendelea vyama vingine vya kulia. Walichotaka ni kitu kimoja, mishahara ishuke na vyama vya wafanyakazi vinyamaze, bila uchaguzi kuwasumbua kila miezi michache. Hitler alipokuwa na uwezo wa kuwapa hicho, Februari 20, 1933 wadosi kama 25 waliketi nyumbani kwa Hermann Göring, Gustav Krupp akiwemo, na wakaahidi maki milioni 3 za kampeni. Mafuta ya lori hayo.

Risiti yao ilikuja haraka. Machi, kambi ya Dachau ikafunguliwa, na wa kwanza kufungiwa walikuwa wakomunisti, wasoshalisti na viongozi wa wafanyakazi. Mei 1, 1933 serikali ikafanya Siku ya Wafanyakazi kuwa likizo yenye malipo, kitu ambacho wafanyakazi walikuwa wamedai miaka mingi. Gwaride, bendera, hotuba. Kesho yake asubuhi, Mei 2, Wanazi wakavamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima, wakachukua pesa zao na kukamata viongozi. Sheria ya Januari 1934 ikamtangaza mwenye kampuni kuwa "Führer" wa kiwanda chake, na wafanyakazi wafuasi wake.

"Lakini alimaliza ukosefu wa kazi!" Haya. Barabara zilikuwepo, lakini injini ilikuwa silaha, zikinunuliwa kwa deni lililofichwa kwenye vitabu. Wanawake walipewa mikopo ya ndoa kwa sharti waache kazi. Wayahudi wakafukuzwa kazini. Kuanzia 1935 vijana wakaingizwa jeshini kwa lazima. Viwango vya mishahara vikagandishwa pale vilipoangushwa na mgogoro. Ukitoa watu kwenye orodha na wengine uwape bunduki, hata mimi ninaweza kumaliza ukosefu wa kazi. Bili ya hilo deni ilikuwa vita, na kufikia 1944 viwanda na mashamba ya Ujerumani yalikuwa yakiendeshwa na zaidi ya watu milioni 7 walioletwa kutoka nchi nyingine, wengi kwa nguvu. Huo ndio muujiza wenu.

Na hata Afrika Mashariki tulifikiwa na hiyo bili. Kibarua wa Italia aliyenyimwa ardhi kwao aliambiwa ataipata Afrika, na Oktoba 1935 Mussolini akavamia Ethiopia kwa ndege na gesi ya sumu. Vijana wa Kenya wakavalishwa sare za King's African Rifles wakaenda kupigana na Waitaliano. Kale kakanisa kadogo kando ya barabara ukiteremka Mai Mahiu kalijengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Mabwenyenye wa bonde la Po walikuwa wamegoma kugawa ardhi, na watoto wa watu wakaishia kuvunja mawe kwenye bonde letu.

Kwa hivyo wewe wa "tunahitaji dikteta", najua hasira yako si ya uongo. Ya Mjerumani wa 1932 pia haikuwa ya uongo. Lakini yule mkali unayemwota hatakuja kupigana na waliokukalia. Hatoboi bila pesa zao, na bei yao ni wewe: chama chako, mgomo wako, mdomo wako. Ukiona mwanasiasa anatukana matajiri jukwaani, halafu vijana wake wanashuka kwenye magari na kupiga watu waliogoma, usisikize hotuba. Uliza nani amekodi magari.

Na wewe wa "maskini wajinga", rudia zile namba za Novemba 1919 na Novemba 1932. Halafu uniambie kwa komenti ni nani alichagua ufashisti.