Baraza ya Waimbaji: Misa ya Wafu na Watungaji Wanne

Mara nyingi walimu wa kwaya hutuuliza: mtu wetu akifa, yafaa tumwimbie kwa sauti ya hofu au ya tumaini? Twaona vema kuwatazama watungaji wanne wa Ulaya. Wote waliyapokea maneno ya Kilatini ya Misa ya Wafu, lakini kila mmoja aliyatungia sauti kwa namna yake.

Wa kwanza ni Mozart. Mwaka 1791, huko Vienna, alijiwa na mjumbe asiyesema ametumwa na nani. Kumbe aliyemtuma ni bwana mkubwa Walsegg, aliyefiwa na mkewe, naye alikusudia kuutoa wimbo ule kama kwamba ameutunga mwenyewe. Mozart akaanza kazi, lakini mauti yalimkuta tarehe 5 Desemba mwaka ule ule, umri wake miaka 35. Süssmayr ndiye aliyeimaliza. Hivyo yeye aliyewatungia wafu sala akahesabiwa miongoni mwao.

Wa pili ni Berlioz wa Ufaransa. Misa yake iliimbwa Paris mwaka 1837, kwa kumwombea jemadari Damrémont aliyeuawa vitani Constantine, nchi ya Algeria. Penye habari ya Siku ya Hukumu aliweka makundi manne ya wapiga tarumbeta katika pembe nne, hata mtu husikia kama kwamba makaburi yanafunguka.

Wa tatu ni Verdi wa Italia. Yake iliimbwa Milan tarehe 22 Mei 1874, kwa ukumbusho wa mwandishi Manzoni. Naye alitia kishindo cha ngoma kubwa katika utenzi wa Siku ya Ghadhabu. Lakini mwisho wake ni sauti ya mwanamke pamoja na kwaya, wakiomba kuokolewa polepole, kama mtu anong'onaye.

Wa nne ni Fauré, mwalimu wa kwaya katika kanisa la Madeleine, Paris. Mwaka 1888 aliuacha karibu utenzi wote wa ghadhabu, akamalizia kwa wimbo wa malaika wampelekao marehemu paradiso. Naye alipokufa mwaka 1924, Misa yake iliimbwa katika maziko yake mwenyewe.

Je, nani aliyeimba kweli? Twaona ni wote, kila mmoja kwa sehemu yake. Hofu isiyo na tumaini humvunja moyo mfiwa. Tumaini lisilo na hofu humlaza usingizi mkosefu. Katika Misale ya mwaka 1970 utenzi wa ghadhabu uliondolewa katika Misa ya Wafu, lakini hukumu yenyewe haikuondolewa.

Basi, enyi walimu, msihuzunike kwa kuwa hamna tarumbeta wala ngoma kubwa. Mwaka 1903 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi alifundisha ya kuwa muziki ni mtumishi wa ibada. Walsegg alinunua wimbo mzuri, lakini alijitafutia sifa penye kaburi la mkewe. Tujihadhari tusifanye vivyo hivyo, tukishindana kwa sauti huku mjane amesahauliwa. Wahenga walisema: kilio huanza mfiwa. Chagueni wimbo ambao yeye naye aweza kuuitikia, ijapokuwa sauti yake yakatika kwa machozi. Huo ndio utakaomfaa marehemu wenu.