Mshipa Muhimbili, Presha Chamazi

Wengi wakisikia Chamazi wanawaza uwanja wa Azam. Wanaoishi huko wanawaza pia safari: daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, Barabara ya Kilwa hadi Kariakoo, kisha Upanga, ndipo ufike Muhimbili ilipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mjadala kuhusu matibabu ya mshipa mkuu wa damu uliotanuka huwa unaishia Upanga. Nadhani unapaswa kuifuata daladala hadi mwisho wa njia.

Mshipa huo, aota, hutoka moyoni, hupinda kifuani na kushuka hadi tumboni. Ukuta wake ukidhoofika hutanuka taratibu, mara nyingi bila maumivu, na ukipasuka wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Ugonjwa huu ndio uliomuua Albert Einstein. Mwaka 1948 Dkt. Rudolph Nissen aliuzungushia mshipa wake selofani; ulipopasuka Aprili 1955, Einstein alikataa kupasuliwa mara ya pili. Kufikia hapo Charles Dubost alikuwa ameshabadilisha kipande cha aota huko Paris, mwaka 1951, na Michael DeBakey wa Houston alikuwa akishona mishipa bandia ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani ya mkewe. Mwaka 1990 Juan Parodi wa Buenos Aires alipitisha mshipa bandia kwenye kinena cha mgonjwa bila kumpasua tumbo. Njia hizo mbili, ya kupasua na ya kupitishia kinenani, ndizo zinazotumika hadi leo.

Zote huokoa maisha. Hakuna hata moja inayoondoa presha, na kuna sababu ya kuamini kwamba zinaweza kuiongeza.

Aota yenye afya huvutika. Moyo ukisukuma damu, aota hupanuka na kuhifadhi sehemu yake. Moyo ukipumzika, aota hujikaza na kuipeleka mbele. Ndiyo maana namba ya juu ya presha haipai mno wala ya chini haizami. Kitambaa cha Dacron hakivutiki hivyo. Unganisha kipande cha bomba la plastiki katikati ya mpira wa kumwagilia bustani, kisha uwashe pampu inayosukuma kwa mapigo: ule mshtuko uliokuwa ukimezwa na mpira sasa unaendelea na safari. Wimbi la mapigo hukimbia kwa kasi zaidi, hugonga kwenye maungio ya mishipa na kurudi moyoni mapema mno, wakati moyo bado unasukuma. Namba ya juu hupanda, pengo kati yake na ya chini hupanuka, na moyo unaosukuma dhidi ya ukinzani huo kwa miaka hunenepa misuli.

Wataalamu hupima kasi ya wimbi hilo kati ya shingo na kinena. Ikizidi mita 10 kwa sekunde, mishipa huhesabiwa kuwa imekakamaa. Tafiti nyingi, tena nyingine ndogo, zimeona kasi ikipanda baada ya mshipa bandia kuwekwa. Anayepinga ana hoja nzuri: mzee wa miaka 75 mwenye aota iliyotanuka tumboni alikuwa na mshipa mgumu siku nyingi, hivyo kubadilisha kipande kimoja kunaongeza kidogo. Wala haijathibitishwa kwamba ongezeko hilo lenyewe linaua. Nakubali. Lakini kijana aliyewekewa mshipa bandia kifuani baada ya aota yake kuchanika katika ajali ya pikipiki ni habari nyingine. Sehemu ya aota inayovutika kuliko ile ya tumboni ndiyo iliyofunikwa kwa kitambaa, na ana miaka 40 au zaidi ya kuishi nacho. Kwa vijana wa aina hiyo madaktari wameripoti presha inayojitokeza baadaye kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Sasa fedha ziende wapi? Wapo wanaosema tuige Uingereza, ambako tangu 2009 wanaume wanaotimiza miaka 65 huitwa kupimwa tumbo kwa ultrasaundi. Mimi siungi mkono. Mpango ule ulijengwa kwa ajili ya nchi yenye wazee wengi waliovuta sigara maisha yao yote. Wapo pia wanaosema upasuaji wa gharama hivi ni anasa. Hao nao wanasahau kwamba kabla taasisi ya moyo haijaanzishwa mwaka 2015, tulikuwa tukipeleka wagonjwa India kwa fedha za serikali.

Kinachonisumbua ni takwimu nyingine. Utafiti uliofanyika Ilala na Hai mwaka 1996 na 1997 ulikuta takriban watu wazima 3 kati ya 10 wana presha ya juu. Chini ya 1 kati ya 5 wenye tatizo hilo walijua kwamba wanalo, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika asilimia 1. Ni takwimu za zamani, na huduma zimesogea tangu hapo. Lakini mtu aliyewekewa mshipa bandia anarudi kwenye mtaa uleule, na kwake presha isiyodhibitiwa ina madhara mara mbili: kwa moyo, na kwa sehemu ya aota iliyobaki.

Tazama presha inavyopimwa. Mama anashuka daladala, anavuka barabara, anaingia duka la dawa akihema. Mkanda unafungwa juu ya mkono wa gauni, mkanda mmoja kwa wembamba na wanene, naye anaendelea kupiga soga huku mashine ikivuma. Ukiwa mwembamba kuliko mkono wake, mkanda hutoa namba kubwa kuliko ya kweli. Anapewa vidonge vya siku kumi, akijisikia nafuu anaacha. Dakika tano za kukaa kimya na mkanda wa saizi ya mkono wake ni teknolojia ya aota pia.

Njia ya kinenani inadai ufuatiliaji zaidi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2004 ulionyesha kuwa vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 1.7, dhidi ya 4.7 kwa waliopasuliwa. Baada ya miaka minane mizani iligeuka, sababu mojawapo ikiwa kwamba mishipa bandia mingine ilivuja na aota ikapasuka. Nafuu ya mwezi wa kwanza hulipiwa kwa kliniki ya maisha yote, na nauli ya Chamazi hadi Upanga ni sehemu ya bei hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kitita chake kikifidia upasuaji wa aota, kinapaswa kuhesabu vidonge vya presha vya miaka yote inayofuata kuwa sehemu ya tiba hiyohiyo, vichukuliwe kituo cha afya cha karibu na nyumbani. Na barua ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili, ikitaja namba ambayo presha ya mgonjwa haipaswi kuvuka, ili muuguzi wa Chamazi ajue ni lini amrudishe.