Asiye na tiketi akapange foleni

Saa kumi na moja alfajiri, nyasi za Wimbledon Park, London, zingali na umande, wasimamizi wa foleni hupita hema kwa hema wakiwaamsha waliolala. Mahema hukunjwa, mablanketi huviringishwa, mtu anapiga mswaki mbele ya mataifa yote, na safu nzima husogea mbele ili kuwapisha wanaokuja na treni za kwanza. Kila mmoja ana kadi yenye tarehe na namba. Kwa siku hiyo, hiyo ndiyo hadhi yake. Wakili na mpishi wa hoteli wanafuatana kama walivyofika, na aliyefika wa mwisho, hata akimjua nani ndani, atakaa nyuma.

Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalianza mwaka 1877, na mengi ndani yake yamejengwa kwa ajili ya wenye nacho. Hati inayompa mtu haki ya kiti kimoja kwenye uwanja mkuu, Centre Court, kila siku ya mashindano kwa miaka 5, kuanzia 2026 hadi 2030, iliuzwa kwa pauni 116,000. Bahati nasibu ya tiketi, iliyoanza 1924, huwaacha wengi mikono mitupu. Lakini klabu inayoandaa mashindano haijaufunga mlango wa tatu: kila siku hutenga takriban tiketi 500 kwa kila kimoja cha viwanja vyake vitatu vikubwa, isipokuwa Centre Court katika siku 4 za mwisho, na kuziuza kwa walio kwenye foleni. Wanaofuata hununua pasi ya kuingia viwanja vidogo. Mwaka 2024 pasi hiyo ilikuwa pauni 30. Ni fedha, ndiyo, ila wako mashabiki wanaolipa zaidi ya hapo kuona nusu ya mechi ya mpira kutoka nyuma ya nguzo.

Utaratibu ni mkali. Kushikiana nafasi ni marufuku, na anayeondoka kwa muda mrefu amejiondoa mwenyewe. Msomaji anayeijua foleni ya benki siku ya mshahara, pale mama mmoja aliyesimama peke yake anapogeuka kuwa ukoo mzima dirisha likifunguliwa, ataelewa kwa nini kadi ile ya namba inastahili kusifiwa.

Isisifiwe kupita kiasi, hata hivyo. Foleni hukopesha usawa kwa riba ya muda. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hawezi kulala kwenye hema, na mzazi mwenye mtoto mchanga vilevile. Wanafunzi na wastaafu ndio matajiri wa foleni. Bado, ukilinganisha na tiketi za mtandaoni zinazoisha kabla ukurasa haujafunguka, kisha kuibuka kwingine kwa bei mara tano, kulala kwenye nyasi ni dhuluma nafuu.

Kosa la wageni wengi ni kuomboleza Centre Court. Wamepata pasi ya kawaida, na siku nzima wanaketi kwenye kilima wakitazama skrini kubwa, huku hatua mia moja kutoka hapo mchezaji wa kiwango cha dunia anatoa jasho mbele ya watu mia mbili. Kwenye viwanja vya pembeni nyasi zimekatwa hadi milimita 8, na shabiki yuko karibu kiasi cha kusikia kiatu kikiteleza, mchezaji akijilaani kwa lugha ya kwao, na mpira ukivuma hewani. Televisheni huupunguza mpira ule kasi. Anayeusikia ukipita mbele yake ndiye anayejua kwa nini mpokeaji husimama mbali vile.

Historia nayo haikubali kukaa kwenye uwanja mkubwa tu. Mwaka 2010 John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza kwa saa 11 na dakika 5 zilizogawanyika katika siku 3, na seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68. Ilikuwa Uwanja Namba 18, ambako viti huwa vya anayewahi. Mtu aliyeingia na pasi ya kawaida akitafuta pa kupumzisha miguu angeweza kujikuta anashuhudia mechi ndefu kuliko zote.

Wapo pia vijana, ambao huchezea viwanja hivyo hivyo wiki ya pili, wakati mashabiki wengi wanakimbilia majina makubwa. Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walipoteza seti ya kwanza ya fainali ya wasichana wawili wawili, wakachukua ya pili, kisha wakashinda pointi 11 kwa 9 katika seti fupi ya kuamua. Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana kwenye mojawapo ya mashindano makuu manne ya tenisi. Upande wa pili wa wavu alikuwapo Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 18, Mboko alimfunga Naomi Osaka katika fainali ya Montreal. Waliotazama wasichana wale wanne mwaka 2022 waliziona siku zijazo kabla hazijapandishwa bei.

Na Centre Court yenyewe haijapotea kabisa. Tangu 1954, tiketi za wanaoondoka mapema huuzwa tena kwa bei ndogo, na fedha hiyo huenda kwenye misaada. Bwana mwenye kiti kizuri akikumbuka treni yake jioni, mgeni wa kilimani anakalia nafasi yake ikiwa bado na joto.

Kwa tumbo, ubahili unaruhusiwa. Mgeni anaweza kuingia na chakula chake, jambo ambalo kumbi nyingi za michezo haziliruhusu. Bakuli la stroberi na malai lilibaki pauni 2.50 tangu 2010 hadi 2024, kisha mwaka 2025 likapanda kwa peni 20, na magazeti ya London yakaandika kana kwamba ufalme umeyumba. Mwaka huohuo waamuzi wa mistari, waliokuwa wakisimama kwa mavazi nadhifu, walibadilishwa na mitambo. Anayefika sasa atasikia sauti iliyorekodiwa ikitangaza mpira umetoka, na hakuna wa kumkodolea macho.

Basi mwenye ndugu London asingoje kupewa tiketi ya kifahari. Aende wiki ya kwanza, siku ambayo viwanja vyote vina mechi, abebe koti la mvua hata kama anga ni safi, na afike kabla ya jua. Na ashuke kituo cha Southfields kwenye reli ya District. Kile kinachoitwa Wimbledon kitampa safari ndefu zaidi ya mguu, na foleni haitamsubiri.