Ung'eng'e wa wiki hii: "Perspicacious"

Leo tunashusha neno zito: "perspicacious". Usiogope urefu wake. Tamka "pa-spi-kei-shas", mkazo uweke kwenye "kei". Ni mtu mwenye jicho kali la akili, anayeng'amua kilichojificha wakati wenzake wanatazama juu juu tu.

Asili yake Kilatini: "per" ni kupenya, "specere" ni kutazama. Ukoo huohuo ndio uliomzaa inspekta, na "spectacles", yaani miwani. Basi likumbuke hivyo: miwani ya akilini.

Angalia usilichanganye na "perspicuous". Hilo husemwa kwa maelezo yaliyo wazi. Hili letu ni la mtu.

Ila jamani, kulitamka siyo kuwa nalo. Kaja jamaa kapigilia suti, anakuahidi kazi Dubai, ila utangulize hela ya fomu. Wewe unamjibu kwa ung'eng'e huku unahesabu noti. Mama ntilie pembeni, asiyejua hata "good morning", anamuuliza tu: "Ofisi yako iko wapi, baba?" Jamaa anaanza kujiumauma. Sasa nani hapo "perspicacious"?

Mwenye macho haambiwi tazama. Tukutane wiki ijayo!