Koloni, makazi au kambi? Neno letu katika ugomvi wa Mwezi na Mirihi

Katika somo letu la tafsiri, mwalimu alitupatia habari fupi ya Kifaransa tuiweke katika Kiswahili. Ilikuwa mistari kumi na miwili tu, juu ya Wamarekani wanaobishana kama binadamu arudi kwanza mwezini au aende moja kwa moja Mirihi. Roketi haikutusumbua, wala wanaanga. Tulikwama kwenye maneno mawili: «conquête» na «colonie». Kundi moja liliandika «ushindi wa anga» na «koloni la Mirihi». Kundi lingine likaandika «safari za angani» na «makazi». Mwenzetu mmoja aliyeketi nyuma aliandika «kambi», akaeleza kwamba watu wanne wanaokaa ndani ya chumba cha chuma wakingojea chakula kutoka kwao hawana koloni, wana kambi. Tulicheka, kisha tukabishana hadi saa ikaisha. Mwishowe mwingine akatamka lile neno linaloua kila mjadala: «Haya ni mambo ya wazungu, hayatuhusu. Sisi hata umeme hatuna.»

Ninaandika ili kumjibu yeye, maana wengi wetu tulitikisa kichwa kumkubalia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Leo nasema kwamba mambo haya yanatuhusu, na yanatuhusu sisi wa Kitivo cha Lugha kabla ya wenzetu wa fizikia.

Tuanze na ugomvi wenyewe, ili tusibishane na kivuli. Mtu wa mwisho kukanyaga mwezi alitoka huko Desemba 1972. Tangu hapo Marekani imekuwa na njia nyingi na safari chache. Tarehe 20 Julai 1989, Rais Bush baba alitangaza kwamba watu watarudi mwezini na kisha kwenda Mirihi. Hesabu zilipofika karibu dola bilioni 500, Kongresi ikakataa. Mwezi wa kwanza 2004, mwaka mmoja baada ya chombo Columbia kuvunjika na wanaanga saba kufa, Bush mwana alisema tena: mwezini, kufikia 2020. Mwaka 2009 kamati iliyoongozwa na Norman Augustine ikaonyesha kwamba fedha zilizotengwa hazilingani na safari iliyoahidiwa. Mwaka 2010 Obama akaifuta programu hiyo, akachagua kwanza kijisayari, kisha Mirihi katika miaka ya 2030. Desemba 2017 Trump akageuza usukani kuelekea mwezini. Biden hakuugeuza. Mwaka 2025, Trump aliporudi, tajiri Elon Musk alikuwa akisema wazi kwamba mwezi unapoteza wakati, twende Mirihi. Serikali ikapendekeza kuiacha roketi kubwa ya taifa baada ya safari chache. Kongresi ikajibu kwa kuongeza mabilioni ili iendelee.

Msomaji anaweza kudhani kwamba ni ugomvi wa wajuzi na wasiojua. Sivyo. Mwaka 2010, Neil Armstrong na Eugene Cernan, mtu wa kwanza na wa mwisho kutembea mwezini, waliupinga mpango wa Obama hadharani. Buzz Aldrin, aliyeshuka pamoja na Armstrong, aliuunga mkono. Watu waliokuwa na vumbi lile lile kwenye viatu hawakukubaliana. Basi jibu haliko katika elimu ya nyota peke yake. Liko katika swali la siasa: tunakwenda kufanya nini, kwa fedha ya nani, na kwa faida ya nani?

Hapo kila mmoja ana lake. Maseneta wa majimbo yenye viwanda vya roketi, kama Alabama, Utah na Florida, wanatetea kazi za watu wao. Ndiyo maana sheria ya 2010 iliamuru roketi mpya ijengwe kwa mitambo na mikataba ya zamani. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria kwamba kila urushaji wa roketi hiyo pamoja na chombo chake, katika safari nne za kwanza, ungegharimu dola bilioni 4.1. Wenye kampuni binafsi wanasema wao wataifanya kwa bei ndogo, na hawakosei kila mara: tangu 2011 hadi 2020 Marekani haikuwa na chombo chake cha kupeleka watu angani, ilinunua viti kwa Warusi, na aliyemaliza aibu hiyo ni kampuni. Kisha kuna wanaohesabu hatua za China, ambayo imesema itashusha watu mwezini kabla ya 2030, na ambayo mwaka 2024 ilileta udongo kutoka upande wa mwezi tusiouona. Kwao mwezi ni mashindano.

Wapo pia wanaosema: acheni kabisa, lisheni watu kwanza. Sauti hii haikuanza jana, na mara moja ilitoka karibu na kwetu. Mwaka 1970 mtawa mmoja aliyefanya kazi Kabwe, Zambia, aliwaandikia NASA akiuliza wanawezaje kutumia mabilioni kwa safari za mbali wakati watoto wanakufa njaa. Ernst Stuhlinger, mmoja wa wakubwa wa sayansi pale, alimjibu kwa barua ndefu yenye heshima, akieleza kwamba utafiti usio na matunda leo huzaa dawa na chakula kesho. Nimeisoma barua hiyo mara mbili, na inanishawishi nusu tu. Ni kweli kwamba NASA haili hata nusu ya mia moja moja ya bajeti ya serikali ya Marekani, na kwamba kufunga milango yake kusingeleta umeme mtaani kwetu. Lakini kweli hiyo inajibu swali la bei. Haijibu swali la haki.

Haki ndiyo inayonirudisha kwenye maneno. Ukiisikiliza siasa ya anga kwa sikio la mwanafunzi wa lugha, utaona kwamba mabadiliko makubwa hayakuwa ya mahali, yalikuwa ya vitenzi. Mwaka 1961 Kennedy alizungumzia *kufika* na kurudi salama. Mwaka 2004 kitenzi kilikuwa *kurudi*, kama mtu arudivyo kwenye shamba lake. Siku hizi ni *kukaa*. Na nyuma ya kukaa, kwa sauti ya chini, kuna *kuchimba*: barafu ya ncha ya kusini ya mwezi ya kutengenezea maji, hewa na mafuta ya roketi, na kesho huenda madini. Wanaotaka mwezi na wanaotaka Mirihi wanapigana juu ya mahali, lakini kitenzi hiki cha mwisho wanakipitisha pamoja bila kelele.

Sheria yake imekwisha kuandikwa nusu. Mkataba wa anga wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kuumiliki mwezi wala nyota yoyote. Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayompa raia wake haki ya kumiliki mali atakayoichimba huko. Luxembourg, nchi ndogo isiyo na roketi, ikafuata mwaka 2017. Makubaliano ya Artemis ya 2020 yanasema kwamba kuchimba si lazima kuwe kumiliki, na yanaruhusu «maeneo ya usalama» kuzunguka kila kazi. Rwanda na Nigeria zilitia sahihi mwaka 2022, Angola mwaka 2023. Majirani zetu wamekwisha kusoma karatasi hiyo. Nani atasema bado kwamba haituhusu?

Sisi Wakongo tuna sababu ya pekee ya kusoma polepole. Nchi hii iliwahi kuitwa Dola Huru ya Kongo, wakati ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold. Neno «huru» liliandikwa juu ya lango, na ndani hapakuwa na uhuru. Tarehe 1 Julai 1885 serikali hiyo ilitoa amri kwamba ardhi tupu ni ya Dola. Tupu kwa macho ya nani? Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwinda, malisho, vyote vilihesabiwa kuwa utupu, kwa sababu aliyeandika hakuwa na neno la kuviitia. Juu ya neno hilo moja zikasimama kampuni, na Katanga ikakatwa vipande vya kukodishwa kabla babu zetu hawajasikia kwamba imekatwa.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la kweli: mwezini hakuna watu. Hakuna shamba lililopumzishwa, hakuna makaburi, hakuna atakayefukuzwa. Kwa hiyo sitasema kwamba safari ya mwezi ni ukoloni uleule. Anayesema hivyo anawadharau waliokufa katika mpira na shaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huko mgeni anakuja na mwenyeji hayupo. Lakini tofauti hiyo haimalizi neno. Mahali pasipo na mwenyeji ni pa wote, na pa wote ni pamoja na yule ambaye hakuwa na fedha ya kufika mapema. Anayejitwalia mahali pa wote hamfukuzi mtu nyumbani mwake. Anamfungia mlango ambao hajaufikia. Ncha ya kusini ya mwezi ina sehemu chache tu zinazopata mwanga wa jua kwa muda mrefu karibu na barafu. Ukizungushia «eneo la usalama» kila moja ya sehemu hizo, hujamiliki hata kokoto moja, na hata hivyo wengine hawana pa kushuka.

Wala si mara ya kwanza anga kuja kwetu katika karatasi. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliikodisha kampuni ya Kijerumani OTRAG eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, kwa ajili ya kujaribu roketi za bei ndogo. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Mwaka 1979, baada ya malalamiko ya Wasovieti na ya majirani, Mobutu aliwaondoa. Eneo kubwa kuliko nchi nyingi lilitolewa na kurudishwa, na raia wa Shaba hakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili. Kumbe tulikwisha kuwa ndani ya ugomvi wa anga. Tulikuwa kiwanja chake.

Basi mimi nasimama wapi? Kati ya mwezi na Mirihi nachagua mwezi kwanza, kwa sababu ya kawaida kabisa: mwezi ni safari ya siku tatu, na mtu akiugua au mtambo ukivunjika anaweza kurudi, Mirihi ni miezi sita au zaidi kwenda tu. Mwenye busara hujaribu mtumbwi mtoni kabla ya kuupeleka ziwani. Lakini uchaguzi huo hauna uzito kama sharti ninaloliweka juu yake: waende kwa sheria ya pamoja. Haiwi ndoto. Kituo cha kimataifa cha anga, kazi ya Marekani, Urusi, Ulaya, Japani na Kanada, kimekaliwa bila kukatika tangu Novemba 2000, hata serikali zao zilipotukanana. Antaktika nayo ina mkataba tangu 1959 uliosimamisha madai ya kumiliki, na baadaye uchimbaji wa madini ukakatazwa. Watu wanakaa huko, wanafanya kazi, na hakuna anayesema Antaktika imekwama. Kinachokosekana kwa mwezi ni mapenzi ya kukaa meza moja, na sheria ya Marekani ya 2011 inayoizuia NASA kushirikiana na China bila idhini ya pekee imeifanya meza hiyo kuwa ngumu zaidi.

Hatuna roketi, na hatutakuwa nayo kesho. Tuna lugha inayosomwa na mamilioni ya watu kutoka Mombasa hadi Kisangani, na kila siku redio na magazeti yake yanatafsiri habari hizi kwa haraka, usiku, kutoka Kifaransa na Kiingereza. Neno litakaloingia kwanza ndilo litakalobaki. Tukiandika «koloni la Mirihi» bila kufikiri, mtoto atajifunza kwamba koloni ni jambo zuri lililo mbele, huku bibi yake akilijua kuwa jambo baya lililo nyuma. Tukiandika «ushindi wa anga», tutakuwa tumekwisha kukubali kwamba kuna vita na kwamba kuna atakayeshindwa.

Mtu atasema kwamba mfasiri hana haki ya kusafisha maneno ya mwenye habari. Nakubali. Msemaji akisema koloni akimaanisha koloni, mfasiri aandike koloni, na msomaji aone meno yake. Ila mwandishi anapotumia neno kwa mazoea tu, na kitu chenyewe ni watu wanne ndani ya chumba cha chuma, mfasiri ana wajibu wa kutazama kitu.

Juma lililofuata mwalimu alirudisha kazi zetu. Hakutia alama nyekundu chini ya «koloni» wala chini ya «makazi», aliandika pembeni swali moja tu: «Nani anakaa, na nani amekatazwa?» Yule mwenzetu wa nyuma alipata alama za juu kwa «kambi» yake. Na yule aliyesema hayatuhusu alikuja kuniazima nakala ya mkataba wa 1967, bado hajairudisha.