Sokwe wa Gombe na Ardhi ya Jirani Zao

Msafiri apandaye boti ya abiria pale Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, akaelekea kaskazini akiambaa pwani ya Ziwa Tanganyika, huiona milima ikimpita upande wa mkono wa kulia. Kwa kitambo kirefu huona mashamba ya mihogo, michikichi iliyotawanyika, nyasi, na mahali pengi udongo mwekundu ulio uchi. Kisha, kwa ghafla, huona msitu. Mpaka kati ya mashamba na msitu huo u wazi kiasi kwamba hauhitaji bango. Hapo ndipo inapoanzia Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Upande wa pili msitu hukoma vivyo hivyo, na hapo pana kijiji cha Mwamgongo.

Wageni huupiga picha mpaka huo na kuusifu kuwa ushahidi wa uhifadhi uliofanikiwa. Mimi nauona kuwa ni ushahidi wa hatari. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini nafikiri hivyo, na kwa nini naamini kwamba hatima ya sokwe wa Gombe imo zaidi mikononi mwa vijiji vilivyo nje ya mpaka kuliko mikononi mwa askari wa hifadhi.

Kwanza tuitazame hifadhi yenyewe. Gombe ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Nchi yake kavu ni kilometa za mraba 35 hivi. Serengeti ni kubwa kuliko Gombe zaidi ya mara 400. Hata hivyo, katika nchi nyingi za ng'ambo jina la Gombe hujulikana kuliko jina la Kigoma, na mara nyingine, nilipokuwa masomoni huko, kuliko jina la Tanzania. Sababu ni sokwe. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza mwenye umri wa miaka 26 asiye na shahada yoyote, alishuka ufukoni hapo pamoja na mama yake, akiwa ametumwa na Louis Leakey. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alimwona sokwe dume akichomeka bua la nyasi katika kichuguu na kulitoa limejaa mchwa. Baadaye aliwaona wakipukuchua majani ya vijiti ili vifae kwa kazi hiyo. Vitabu vya siku hizo vilifundisha kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake.

Hayo yamekwisha kusimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba mwezi wa Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku wakawateka watafiti wanne waliokuwa Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni hawakuweza tena kukaa pale. Kazi ya kuwafuata sokwe milimani kutwa nzima na kuandika kila walichokula na kila waliyekutana naye ilishikwa na Watanzania, wengi wao watu wa vijiji vya jirani. Daftari hazikukatika. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, na utafiti alioanzisha unaendelea. Mwalimu anapowaambia wanafunzi wake kwamba sayansi ya Gombe ni kazi ya mwanamke mmoja wa Kizungu, huwa amesema nusu ya habari. (Hata jina la mnyama tulikuwa nalo mapema. Livingstone, kabla ya kukutana na Stanley hapo Ujiji mwaka 1871, aliwaandika wanyama hawa katika shajara zake za nchi ya Manyema kwa jina la "soko", kama alivyolisikia kwa wenyeji.)

Sasa tufike kwenye kiini. Sokwe wa Gombe leo hukadiriwa kuwa wapatao mia moja tu, katika makundi matatu: Mitumba upande wa kaskazini, Kasekela katikati, na Kalande kusini. Sokwe jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 au 14 hivi, kisha huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au sita. Kwa hiyo hasara ya mwaka mmoja wa maradhi huchukua muda mrefu kufidiwa. Hasara hizo si za kufikirika. Mwaka 1966 maradhi ya polio yaliua na kulemaza sokwe kadhaa hapo Gombe, na magonjwa ya mapafu yamewarudia mara kwa mara tangu hapo. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi vya jamii moja na vile viletavyo UKIMWI hufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wasio navyo. Wanafunzi waelezwe vizuri hapa: virusi vilivyoanzisha maradhi hayo kwa binadamu havikutoka Gombe, bali vimefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni.

Lakini kubwa kuliko maradhi ni jambo la ndoa, tukiruhusiwa kutumia neno hilo. Kwa desturi ya sokwe, madume hubaki katika kundi walimozaliwa, na majike wapevukapo huhamia kundi jingine. Ndivyo maumbile yanavyozuia ndugu kuzaana na ndugu. Kwa Gombe, majike wengi wameonekana wakibaki na kuzaa pale pale walipozaliwa. Siwezi kuamini kwamba jambo hili halina uhusiano na ukweli kwamba hawana pa kwenda. Magharibi ni ziwa. Kaskazini, mashariki na kusini ni mashamba. Zamani msitu ulishikamana na misitu iliyoendelea hadi Burundi, na jike angeweza kutembea mkondo kwa mkondo, kizazi kwa kizazi. Leo Gombe ni kisiwa kilicho nchi kavu. Kisiwa kidogo hakilindwi kwa kuimarisha kingo zake tu.

Wapo wenzangu, watu wenye elimu na wasio na chuki na mnyama yeyote, wasemao: kama Gombe ni ndogo hivyo, tuiache ibaki ya kumbukumbu na watalii, na nguvu zetu tuzipeleke Mahale. Hoja hii si ya kudharauliwa. Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, ina kilometa za mraba 1,613, na watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi huko mwaka 1965. Ukihesabu vichwa tu, Mahale yashinda.

Ila sokwe si wa kuhesabiwa vichwa tu. Sokwe wa Gombe hula sana chikichi. Wale wa Mahale wana michikichi katika nchi yao na hawaili. Wa Gombe huchovya fimbo ndefu katika viota vya siafu na kuwala. Wa Mahale hawali siafu, bali huvua sisimizi wa mitini kwa vijiti vyembamba. Wa Mahale wakisafishana manyoya hushikana mikono juu ya vichwa vyao, wawili wawili, jambo ambalo wa Gombe hawalifanyi. Ni mnyama wa aina ile ile, katika pwani ya ziwa lile lile, na bado kila upande una mila yake, ambayo mtoto huipata kwa kumtazama mama. Kundi likifa, mila yake haipatikani kwingine. Wala hakuna kwingine duniani ambako sokwe wa porini wameandikwa mama, mtoto na mjukuu tangu mwaka 1960.

Isitoshe, hata mtu akiichagua Mahale, hoja yangu inamfuata huko huko. Tanzania hudhaniwa kuwa na sokwe zaidi kidogo ya 2,000, na sehemu kubwa yao hawaishi katika hifadhi yoyote ya taifa. Wako Masito, Ugalla, Ntakata, katika misitu ya miombo na mabonde ambayo kisheria ni ya vijiji au ya halmashauri. Basi suala la ardhi ya vijiji haliepukiki.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na lugha tuliyoizoea ya "wananchi waharibifu". Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,127,930 katika Mkoa wa Kigoma, na ya mwaka 2022 watu 2,470,967. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, na wa Kongo tangu miaka ya tisini. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 na ingalipo. Wengi wa watu hao hupika kwa kuni au mkaa. Mawese huchemshwa kwa kuni, matofali huchomwa kwa kuni, migebuka hukaushwa kwa moshi wa kuni. Mtu aliye na ekari mbili za mteremko hakati mti kwa ujinga.

Wala hofu yake si ya kubezwa. Mwaka 2002, ndani ya hifadhi yenyewe, sokwe dume aliyejulikana kwa jina la Frodo alimnyakua mtoto mchanga wa binadamu akamuua. Sokwe ni mwindaji wa mbega, na dume mzima ana nguvu kuliko mtu. Anayemwomba mama wa Mwamgongo aruhusu msitu urudi hadi karibu na ndizi zake amwambie na hilo, tena amwambie kwanza.

Pamoja na hayo yote, vijiji vimefanya zaidi ya tunavyowasifu. Mradi wa TACARE ulioanzishwa mwaka 1994 uliwakuta watu wakitaka maji, zahanati na shule kabla ya miti, na kwa busara ukaanza na hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipotoa nafasi, vijiji kadhaa vilipanga matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu ya kijiji kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Maumbile nayo yalisaidia: mti wa miombo uliokatwa, kisiki chake kikiachwa bila moto wala shoka, huchipua wenyewe, na baada ya miaka michache kilima kilichokuwa kipara huwa na kivuli.

Ninachodai ni kwamba misitu hii isichukuliwe kuwa fadhila. Kijiji kinachoacha ardhi yake iwe njia ya sokwe kinatoa kodi kwa taifa, na kila mtoa kodi ana haki ya kuona hesabu. Sehemu ya mapato ya utalii wa sokwe iende kwa vijiji hivyo kila mwaka, kwa kiwango kinachojulikana na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, badala ya kungojea mradi wa ujirani mwema wa mwaka huu au wa mwaka kesho. Kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa kifike kwa mkulima kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Na michikichi, ambayo serikali imeisukuma kwa nguvu mkoani humu tangu mwaka 2018, ipandwe katika mashamba makuukuu yaliyochoka. Sina ugomvi na mchikichi. Nauogopa mchikichi unaopandwa kwenye makorongo ya vijito, kwa maana makorongo hayo ndiyo njia pekee zilizobaki.

Kwa walimu nina pendekezo dogo. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na Goodall Dar es Salaam, na kutokana na mazungumzo yao likazaliwa shirika la vijana la Roots & Shoots, ambalo leo lina vikundi katika nchi nyingi. Vikundi vya namna hiyo huishia mara nyingi kupanda miche siku ya sherehe. Jaribuni jingine. Pimeni mraba wa meta 20 kwa 20 katika msitu wa kijiji kilicho jirani na shule, kwa idhini ya serikali ya kijiji. Hesabuni visiki vyote, andikeni vilivyochipua na visivyochipua, pimeni urefu wa machipukizi, na rudieni mwezi ule ule kila mwaka. Mwanafunzi atakayeanza akiwa Kidato cha Kwanza atakuwa na vipimo vya miaka minne afikapo kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Mtoto wa sokwe atakayezaliwa Gombe mwaka huo wa kwanza wa kupima atakuwa angali akinyonya.