Chumba cha Mwani si Jaa

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Nami leo sitaficha. Wale samaki watatu wa Chama cha Sayansi waliokufa muhula uliopita, niliwaua mimi. Sikuwaua kwa ukatili, niliwaua kwa huruma.

Wengi wenu mmeliona lile tangi la vioo katika maabara, lenye maji ya bahari na samaki wadogo wa milia myeusi na manjano. Wachache ndio waliochungulia kabati lililo chini yake. Humo mna tangi jingine dogo lisilo na samaki. Lina mchanga, mawe ya baharini na mwani unaomulikwa na taa. Maji huteremka humo kwa mpira, hupita polepole kwenye mwani, kisha pampu huyarudisha juu. Sisi hukiita chumba cha mwani.

Kazi ya chumba hiki ni kubwa. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Mwani nao huitumia naitreti hiyo kukua, kama vile mahindi yanavyotumia mbolea. Aidha, vidudu vidogo vya baharini huzaliana humo bila kuliwa na samaki. Kwa sababu hiyo, wengi wetu tuliamini ati chumba hicho chajisafisha chenyewe.

Sasa, shule yetu ni ya kutwa. Ijumaa jioni tukishaenda zetu nyumbani, hakuna wa kuwatazama samaki mpaka Jumatatu. Zamu ya kulisha ilikuwa yangu, nami nikaona vibaya viumbe walale njaa siku mbili. Basi kila Ijumaa nikawa nawamwagia chakula mara tatu ya kawaida, kiwe cha akiba. Kumbe samaki mkubwa mwenye afya akikaa siku mbili bila kula hadhuriki hata kidogo!

Akiba yangu haikuliwa. Ilichukuliwa na maji hadi chumba cha mwani, na pale maji yanapopunguza mwendo, ndipo taka hutua. Chini ya mwani kukawa na tope la kahawia, limechanganyika na kinyesi. Mwani hauwezi kula mabaki yale yalivyo. Ni lazima yaoze kwanza, na yanapooza humaliza hewa ya oksijeni majini na kutoa amonia upya. Jumatatu moja tukafungua maabara, tukapokewa na uvundo. Samaki watatu walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mlezi wetu hakutugombeza. Alisema tu kwamba waliobaki wakifa, tangi litamwagwa na vioo vitauzwa.

Wako wenzangu wasemao tope liachwe, kwani baharini nani hufagia? Mimi nawajibu: baharini wako wafagiaji tele. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kuna kaa na majongoo bahari wanaokula mabaki usiku na mchana. Katika tangi, mfagiaji ni sisi. Wengine wanataka kila kitu kitolewe na mchanga uoshwe kwa maji ya mfereji. Hilo nalo ni kosa. Maji yasiyo na chumvi yatawaua bakteria na vidudu, yaani tutawafukuza wafanyakazi pamoja na taka.

Maoni yangu ni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia. Kila wiki tuzime pampu, tuutikise mwani kidogo, kisha tuyafyonze mashapo kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo. Tusifukue mchanga wa chini. Maji tuliyotoa turudishe kiasi kile kile cha maji safi ya bahari. Mwani ukizidi tuupunguze na kuutupa nje, kwa maana ukifia humo, uchafu wote uliokula huurudisha majini. Na Ijumaa, chakula kiwe kile kinachomalizwa kwa dakika mbili tu, basi. Kazi yote hii haizidi nusu saa. Tumeifanya kwa wiki saba sasa, na samaki watatu waliobaki ni wazima.

Isitoshe, jambo hili si la maabara peke yake. Mikoko ya hori za Tudor na Makupa hapa Mombasa ni kama chumba cha mwani cha bahari yetu, maana samaki wachanga hujificha katika mizizi yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa Kibarani, kando ya hori ya Makupa, hadi jaa lile lilipofungwa mwaka wa 2018. Nadhani waliomwaga walifikiri kama mimi, kwamba kinachosafisha hakichafuki.

Nawasihi wanachama tuongeze zamu ya kusafisha katika orodha yetu, si ya kulisha pekee. Kulisha kila mtu hupenda, lakini ndoo ya tope haina mwenyewe. Ya Ijumaa hii nitaibeba mimi. Anayetaka kujifunza aje na mpira.